Jina la Watu Wawili

Tulimwita Mzee wa Baraza. Nikimtaja kwa jina lake la ubatizo, watu wa Mfaranyaki wataniuliza nani huyo. Miaka mingi alikaa mahakama ya mwanzo, mmoja wa wale wazee wanaokaa pembeni ya hakimu, wanasikiliza kesi na kutoa maoni yao kabla ya hukumu. Alipostaafu hakuacha kwenda. Asubuhi atapita kusalimia makarani, mchana atakuja kwangu kula. Mimi ni mama lishe, banda langu linatazamana na mahakama, na kama hujawahi kuwalisha wakili, karani na mshtakiwa kwenye benchi moja, binadamu hujamjua bado.

Alikuwa na sikio moja zima, la kushoto. Akikusikiliza alifumba macho na kukugeuzia sikio hilo, ukawa unaongea na upande wa kichwa. Mara ya kwanza nilichukia, nilidhani mtu ananisinzilia. Nikamwambia, "Mzee, kama umechoka nenda kalale kwako, hapa ni pa kula." Akanirudishia neno kwa neno yote niliyokuwa nimemweleza, kuhusu mkaa mbichi na yule dada wa maji anayenichelewesha, pamoja na tusi dogo nililodhani nimelimeza. Tangu hapo nilimheshimu, na matusi nikapunguza.

Swali lake lilikuwa moja: "Nani hajasikilizwa?" Aliliuliza mahakamani, aliliuliza kanisani kwenye jumuiya ndogondogo, aliliuliza hata wateja wangu wawili walipogombania kipande cha samaki. Alikuwa mwema, lakini jamani alichosha. Unataka kufunga biashara, umeshaosha sufuria, yeye anataka kwanza ajue upande wa pili wa jambo lililokwisha tangu asubuhi.

Makarani wanapenda kusimulia kesi ya ndugu wawili waliogombania shamba la marehemu baba yao. Kila mmoja aliapa kwamba mzee alimwachia yeye. Mashahidi wakaisha, hakimu akawageukia wazee wa baraza wampe maoni. Mzee wetu akasimama akasema yupo mmoja hajasikilizwa, mwenye shamba. Watu wakacheka. Akamwomba hakimu, kijana mpole aliyekuwa amehamia juzi tu, chumba kikae kimya kidogo ili marehemu aseme. Hakimu, sijui ni kwa heshima au kwa uchovu, akakubali. Basi wakakaa. Karani mmoja ananiambia ilikuwa mchana kweupe lakini alihisi baridi kwenye magoti. Kimya kikaendelea mpaka watu wakaanza kutazama mlango. Yule ndugu mdogo akaanza kutokwa na jasho, akasema, "Basi, basi, mwambieni anyamaze, shamba ni la kaka." Hakuna mtu aliyekuwa amesema kitu. Mzee wa Baraza akakaa chini akafungua kikebe chake cha ugoro.

Nilimuuliza kama kweli alimsikia marehemu. Akaniambia, "Mama, mimi nasikia sikio moja tu, walio hai wenyewe wananishinda." Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, na ukimbana zaidi anabadilisha mazungumzo.

Mtu pekee aliyemnyamazisha ni mkewe. Jina la mke huyo sitaliandika. Mtaniwia radhi, nimeshazoea kutolitamka, na si mimi peke yangu. Alikuwa mama mrefu, mkimya, mwenye kukaa daima amewapa mgongo watu wa barabarani. Alikuja kwangu siku moja, maharage yalikuwa yamezidi chumvi, na tangu siku hiyo akaniita Mama Chumvi, yeye peke yake. Mumewe akisimama kwenye mkutano na kuanza yale maswali yake, mama huyo alikuwa anavuta shati lake kwa nyuma na kusema polepole, "Mzee, kaa chini. Unaniaibisha." Na yeye, ambaye hata hakimu alishindwa kumkalisha, alikaa.

Walilea mjukuu, mtoto wa binti yao aliyeolewa Nalasi kwenye mikorosho. Mtoto alizaliwa na siko seli, ule ugonjwa wa damu unaomkunja mtoto kwa maumivu ya mifupa mpaka unatamani umbebee. Wazazi walimleta Songea ili awe karibu na hospitali kubwa. Na mtoto huyo alikuwa amepewa jina la bibi yake, la kwanza na la pili, kama yalivyo. Kwetu hilo ni jambo la kawaida, ni heshima. Bibi na mjukuu waliitana "somo", na Mzee wa Baraza alikuwa akimtania mtoto, anamwita mke mdogo, anamuuliza leo umenipikia nini. Mtoto anajibu, "Nimekupikia mawe." Tulikuwa tunacheka mpaka machozi.

Maneno ya bima yalianza kuingia kwenye banda langu kabla hata hayajaingia kwenye mikutano. Nyumba ile ilikuwa na kadi ya bima ya jamii, ile ya kaya nzima, na kliniki ya mtoto ya kila mwezi ilikuwa inakwenda kwa kadi hiyo. Lakini sasa ilikuwa inakuja sheria mpya, bima ya afya kwa wote, kila mtu awe nayo. Mawakili walibishana hapa kwangu mpaka ugali unapoa. Mmoja anasema sheria haiwezi kumlazimisha mtu asiye na kipato. Mwingine anasema usipolazimisha watajiunga wagonjwa tu na mfuko utakufa. Dereva wa bodaboda anaingilia kwamba yeye anapata riziki ya siku kwa siku, hiyo ya mwaka mzima aitoe wapi. Na wote wanakwama mahali pamoja: wasio na uwezo watalipiwa na serikali, sawa, lakini nani atasema fulani hana uwezo?

Jibu lilikuwa kwamba mtaa wenyewe utasema. Mkutano unaitwa, jina la kaya linasomwa, majirani wananyoosha mikono kukubali kwamba huyu kweli ni maskini. Mzee wa Baraza alikasirika, na hasira yake ilikuwa adimu. Alisema mtu anavuliwa nguo mbele ya watu ili apewe kidonge. Kwenye mkutano wa mtaa wetu akashinikiza wote tufumbe macho kabla ya kunyoosha mikono, mjumbe peke yake ahesabu. Tukafumba. Likasomwa jina la mama mmoja mjane anayeponda kokoto. Tukanyoosha. Mjumbe akahesabu, akahesabu tena, kisha akasema tufumbue macho haraka. Mikono ilikuwa imezidi watu. Wengine walisema kuna walionyoosha yote miwili, na inawezekana, watu wa mtaa wetu nawajua. Lakini mjumbe alikataa katakata kurudia, na mjane akaandikwa.

Mkewe alifariki masika, ghafla, presha. Siku ya kumaliza matanga shangazi, yaani dada yake Mzee wa Baraza, alimkalisha mtoto kwenye mkeka wa bibi, akamfunga kanga ya bibi, akamwaga unga kidogo kwenye ardhi ya mlangoni na kuwaambia wa upande ule kwamba mwenzao hajapotea, jina lake limekaa hapa. Sisi Wakatoliki ni Wakatoliki, lakini hilo hakuna aliyelipinga, hata katekista alikuwepo anakula. Mtoto alikaa kimya juu ya mkeka, akageuka taratibu, akatupa mgongo sisi sote. Wanawake tukatazamana. Mama mmoja akasema, "Kumbe amefika," akajifuta macho kwa furaha.

Na hapo ndipo Mzee wa Baraza alipofanya kosa, na alilifanya kwa sababu ya uungwana wake. Mtu mwingine angekaa kimya, kadi iendelee. Yeye hawezi kuacha jambo la sheria likiwa nusu. Akavaa koti lake, akaenda ofisi ya bima kutoa taarifa kwamba mkewe amefariki, aondolewe kwenye bima ya kaya. Dada wa kule akatafuta jina kwenye kompyuta, akaliona, akaliua. Kaya moja, jina moja mara mbili. Simlaumu yule dada, nani angejua? Aliyeondolewa ni mtoto. Bibi akabaki hai.

Wakagundua siku ya kliniki. Mimi nilikuwepo, nilimsindikiza mzee kwa sababu mtoto alikuwa analalamika mgongo tangu usiku. Dirishani mhudumu akaangalia kompyuta, akamwangalia mtoto, akainamisha kichwa na kumwambia mzee kwa sauti ndogo, "Baba, huyu anaonekana amefariki." Alidhani mtoto hasikii. Mzee akasema kuna mkanganyiko, mtoto huyu hapa. Mhudumu akasema, ninamwona, baba, ila huku hayupo, yupo mwenye jina hilo ambaye ni mtu mzima sana, na huyo ndiye hai. Mtoto akavuta kanga yangu. Akaniuliza, bila kulia, kama anauliza saa ngapi, "Mimi nimekufa lini?"

Nikamwambia hujafa, mashine imekosea. Akatikisa kichwa kama mtu mzima anayemstahi mwongo. "Basi huyo mwingine ndiye aliyebaki," akasema.

Nieleze jambo lilivyokuwa, ili mtu asidhani tulikuwa tunagombania heshima. Bila kadi hakuna kliniki ya kila mwezi. Bila kliniki hakuna dawa, na bila dawa mtoto wa siko seli kila homa inaweza kuwa ya mwisho. Hayo aliyasema daktari, si mimi. Msimamizi wa ofisi ya bima, naye dada mstaarabu kabisa, akamweleza mzee njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kusahihisha: taarifa ipande makao makuu, ishuke, wapime nani ni nani, na hilo huchukua muda hata yeye hawezi kusema. Ya pili ni rahisi. Mtoto abadilishiwe jina kwa kiapo mahakamani, aandikishwe upya kama mtu mpya, kadi itoke karibu siku hiyohiyo.

Mzee akakataa hiyo ya pili, akachagua kusubiri masahihisho. Alisema mtoto si mtu mpya. Shangazi alipopata habari alikuja kutoka Namtumbo na mzigo wake kichwani hajautua, akasimama uani, akasema, "Kaka, kumvua mtu jina ni kumfukuza nyumbani. Utamwambia nani aende wapi?" Nikamwambia shangazi, jamani, aliyekufa amekufa, mtoto anaumwa. Akanitazama kama nimetema mate kwenye chungu. Sikukosana naye, lakini nami sikurudisha maneno yangu.

Miezi ile ilikuwa migumu na ya ajabu. Tulichanga mtaani kwa ajili ya dawa, kila mtu na alichonacho, na mtoto akawa anapanda na kushuka. Alianza kunijia bandani akasimama mlangoni bila kuingia. Siku moja nilikuwa naonja likolo, mboga ya majani ya maboga, naye nyuma yangu akasema, "Mama Chumvi, umezidisha." Nikaangusha mwiko. Niliambiwa baadaye labda aliwahi kumsikia bibi yake akiniita hivyo, na kweli labda alisikia. Lakini sauti ile haikuwa ya kitoto, ilikuwa na ile pumzi aliyokuwa akimalizia nayo maneno mama yule, ya mtu anayekuonea huruma kidogo. Nilionja tena. Chumvi ilikuwa imezidi.

Majirani wakaanza kuwaita watoto wao ndani anapopita. Hakuna aliyemwambia neno baya, Songea si watu wa kelele, ila milango ilikuwa inafungwa polepole. Nilikasirika mpaka nikasimama barabarani siku moja nikasema kwa sauti kwamba mtoto huyu amekula kwangu leo na hajaniuma. Mzee wa Baraza alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Umetoa ushahidi vizuri," akaniambia.

Kisha ukaja mkutano wa ukumbini. Maofisa walikuja kueleza ile sheria ya bima kwa wote na kusikia maoni juu ya kanuni zake. Watu walijaa. Mkulima wa tumbaku akasema malipo yafuate msimu wa soko, si Januari mtu anapokula mahindi ya kuomba. Wakili mmoja akauliza asiyejiunga atafanywa nini, atafungwa? Mama wa kikundi cha vikoba akauliza kaya maana yake nini, kwa sababu kwake wanakula watoto wa dada, wa kaka na wa jirani, sasa wa kuacha nje ni yupi. Maofisa walijibu vizuri, wengine kwa uvumilivu mkubwa. Nasema hivyo kwa haki, maana wapo wanaosimulia kwamba walikuwa na dharau. Hawakuwa nayo.

Mzee akanyoosha mkono. Alikuwa amekuja na mtoto, amemkalisha pembeni yake, mimi upande wa pili. Akasema, "Mheshimiwa, sheria inasema kila mtu. Mimi nina mtu ambaye hayumo kwenye kila mtu." Ofisa akatabasamu, akamwambia baba, kama ni la mtu binafsi njoo ofisini tukusaidie. Mzee akasema ofisini ameshafika, wamemsaidia kwa kumwambia amfute mmoja. Akamsimamisha mtoto juu ya kiti watu wamwone. "Huyu ndiye marehemu," akasema. Minong'ono ikapita ukumbi mzima. Akaendelea, akaeleza vizuri, kwa mpango, jinsi jina moja linavyoweza kubeba watu wawili na hakuna anayedanganya, na kwamba sheria ikishindwa kuwaona wote wawili itakuwa imemuua mmoja kila mara. Kisha akafanya lile jambo lake. Akaomba kimya. Akasema kuna mmoja hajasikilizwa.

Na mimi nilijua anafanya nini, nikatamani kumvuta shati. Ofisa akatazama wenzake, akasema sawa, dakika moja. Ukumbi ukanyamaza. Nje bodaboda zilikuwa zinapita, na nadiriki kusema baada ya muda hata zile sikuzisikia. Mtoto juu ya kiti alikuwa ametazama mbele. Polepole akageuka, akawapa watu wote mgongo, akamtazama babu yake kwa juu.

"Mzee, kaa chini," akasema. "Unaniaibisha."

Ukumbi uliangua kicheko. Ofisa naye alicheka, watu walipiga makofi, walidhani ni utani wa mtoto na babu yake. Sisi watu wachache tuliomjua marehemu hatukucheka. Mzee wa Baraza alikaa. Alimshusha mtoto, akamshika mkono, mkono ulikuwa wa moto. Tulipofika nje mtoto alikuwa tayari anapiga kelele za maumivu ya mifupa.

Usiku ule na siku zilizofuata alilazwa. Walimwongezea damu, tukachanga tena, na daktari, mwanamke kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alimwita mzee pembeni. Alimwambia michango ya majirani inazima moto leo, lakini mtoto huyu anahitaji kila mwezi, miaka yote. "Baba, mimi mambo ya majina siyajui," akasema. "Ninachojua, nisipomwona kila mwezi nitamwona siku moja ambayo sitaweza kitu." Mzee alimsikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Alipofumbua alikuwa amezeeka. Sitii chumvi, niliona.

Hakumsubiri shangazi. Siku mtoto aliporuhusiwa kutoka, mchana, jua limesimama, aliniomba nimshike mtoto nje ya uzio. Akafungua milango yote miwili ya nyumba, wa mbele na wa uani. Akaenda kusimama katikati ya sebule na kofia mkononi. Nilikuwa mbali kidogo lakini nilimsikia, maana alisema wazi, kama anayeongea na mtu anayemheshimu. Akamwambia mkewe, mama, tumekaa vizuri. Akamwambia hakuna ubaya, hakuna aliyekosea, ila jina hili mtoto hawezi kulibeba na akaishi. "Nalichukua," akasema. "Na nakuomba utoke. Sina mahali pa kukuelekeza, unisamehe." Kisha akawa anasikiliza, muda mrefu, na sijui alijibiwa nini. Mtoto mikononi mwangu alikuwa mwepesi mno. Upepo haukuwepo, lakini mlango wa uani ulijifunga, taratibu, kama unavyofungwa na mtu asiyetaka kuamsha wagonjwa.

Kesho yake aliapa pale mahakamani alipokaa miaka yote ile, safari hii akiwa upande wa waombaji. Mtoto akaitwa Otilia. Kadi ikatoka, na haikuwasumbua tena.

Baada ya hapo Mzee wa Baraza aliacha kuja kwangu. Kwanza nilidhani anaumwa, kisha nikadhani ana haya, kisha nikakasirika, kwa sababu mtu uliyemlisha miaka hiyo yote hawezi kukuacha hivihivi. Mawakili waliendelea kubishana kuhusu kanuni za bima, nani alipe, nani asamehewe, na kila wakifika kwenye neno "kila mtu" nilijikuta nageuka kutazama kiti chake. Mwishowe, siku moja alasiri, nikafunika bakuli la dagaa wa Nyasa kwa sahani, nikaenda.

Nikapiga hodi mlango wa mbele. Kimya. Nikapiga tena, kwa sababu ndani nilisikia vijiko. Mlango ukafunguliwa, mzee mwenyewe, hakusema karibu, alinishika mkono akanivuta ndani na kurudishia mlango. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, kumbe siku hizi mgeni hakaribishwi?" Akaniitikia marahaba kwa sauti ya chini na kunionyesha mkeka.

Otilia alikuwa anakula, bado amevaa sare ya shule. Jamani, mtoto alikuwa amependeza. Mashavu yamejaa, macho yale yaliyokuwa ya njano yamekuwa meupe safi. "Shikamoo mama," akaniambia, akanisogezea maji ya kunawa. Hakuniita jina lolote lingine. Nilimuuliza kliniki inaendeleaje, akasema inaendelea vizuri, daktari amempa pipi. Nilifurahi, nikamwambia mzee ameshinda kesi kubwa kuliko zote. Akaketi, akagawa ule ugali, akanipa upande wangu.

"Usinichukulie vibaya kuhusu mlango," akasema baadaye. "Saa hizi siwezi kumjibu mtu."

"Kwa nini?"

Kwenye mlango wa uani mtu alipiga hodi.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, ya adabu, sauti ya mgeni asiyejua kama amekuja nyumba sahihi. Otilia aliacha tonge mkononi na kumtazama babu yake. Mzee alimwambia, "Kula, Otilia." Mtoto akala. Nilimtazama mzee, naye akatikisa kichwa mara moja tu. Akaninong'oneza kwamba anakuja kila siku, hasukumi wala hagombi, anasimama hapo anaomba kupokelewa. "Nikimwitikia tu, ameshaingia," akasema. "Na akiingia atataka jina lake."

"Hodi," ikasema tena.

Mimi nimelelewa na watu. Nilifundishwa kwamba hodi hujibiwa, hata kama unamchukia aliyeko nje, na mdomo wangu ulishafunguka wenyewe. Mzee akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu. Machozi yalikuwa yanamtiririka, yanadondoka kwenye sahani, naye anaendelea kutafuna na kumeza, kutafuna na kumeza, mbele ya mtoto.

Ya tatu ilikuja kwa sauti ndogo zaidi. "Hodi humu. Ni mimi."

Tukala. Hakuna aliyesema karibu. Muda kidogo nikasikia ndala zikiondoka uani, zinakwenda bila haraka kuelekea barabarani.

"Amekwenda," Otilia akasema.

Mzee akamwongezea dagaa.